Siku Moja Kilwa Kisiwani: Msafiri wa Peke Yake Atazame Nini?

Vijana wetu wa Tarime na Mugumu siku hizi huijua Granada kabla ya kuijua Kilwa. Wameziona kwenye simu picha za kasri la Alhambra, kuta zake nyekundu na mabwawa yake yaliyotulia. Wameuona msitu wa nguzo katika Msikiti wa Cordoba. Na baadhi yao wamekwisha kuwauliza wazazi: je, nikijaaliwa nauli, si vizuri niende nikaione miji hiyo waliyoijenga Waislamu wenzetu nchini Hispania, hata kwa siku moja, hata peke yangu?

Swali hili halistahili kujibiwa kwa kicheko. Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi na kutazama ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia, na kijana anayetamani kutazama ana moyo ulio hai. Jibu letu ni kwamba mwenye uwezo wa Granada na aende, lakini aanze na Kilwa.

Tunasema hivyo kwa sababu moja iliyo karibu nasi sana. Mwaka 1981 Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa, UNESCO, liliingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia sehemu mbili za nchi yetu: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Alhambra na Msikiti wa Cordoba viliingia katika orodha hiyo mwaka 1984, miaka mitatu baadaye. Urithi wa kwanza uko mlangoni petu. Tunawaona wageni waliovuka bahari wakipita katika barabara zetu kwenda kutazama nyumbu wakivuka Mto Mara, na wengine wao wako peke yao, begi mgongoni. Urithi wa pili, ulioandikwa mwaka huohuo, ni mji wa Waislamu, nao uko ndani ya nchi yetu wenyewe. Ni wangapi miongoni mwetu waliouona?

Kabla ya kuanza safari, yapo ya kuzungumza nyumbani. Mtume wetu (S.A.W.) alitahadharisha juu ya mtu kusafiri peke yake, hasa usiku. Wapo wanazuoni walioeleza kwamba aliye ndani ya basi lenye watu, katika njia yenye amani, hayumo katika ule upweke uliokusudiwa. Hata hivyo hekima ya tahadhari hiyo haijaondoka. Msafiri aage kwa ruhusa na radhi, aache nyumbani jina la mahali atakapolala, asome dua ya safari, na asitembee usiku katika mji asioujua. Kwa binti na mama zetu, mafundisho kuhusu maharimu yanajulikana, na kila familia irejee kwa sheikh wake. Safari ya Kilwa haipungui thamani ikifanywa na mume na mke, au kaka na dada yake. Pengine huzidi, kwa kuwa waliotazama pamoja huja kukumbushana.

Msafiri wa peke yake mashuhuri kuliko wote katika historia yetu aliwahi kufika Kilwa. Huyu ni Ibn Battuta, aliyetoka kwao Tanja, nchini Morocco, mwezi Juni mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, bila mwenzake wa kufuatana naye, nia yake ikiwa ni Hija. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kutengana nao kulimuumiza. Mwaka 1331 alishuka na merikebu kutoka Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akaingia Kilwa. Aliusifu mji kwa uzuri wa ujenzi wake, na akawasifu watu wake kwa dini na uchaji, akieleza kwamba walifuata madhehebu ya Shafi.

Miaka kiasi cha 19 baadaye, mtu huyuhuyu aliingia Granada, ambayo wakati ule ingali chini ya Waislamu. Huko alikutana na mwandishi kijana wa mji huo, Ibn Juzayy, ambaye baadaye ndiye aliyemwandikia habari za safari zake, kazi iliyokamilika mjini Fez mwaka 1355. Hivyo basi, Kilwa na Granada zimo katika kumbukumbu ya mtu mmoja na ndani ya kitabu kimoja. Kijana wa Tarime anayeziweka pamoja katika ndoto zake hajakosea, alikwisha kutanguliwa.

Ila wazazi wasikie na sehemu nyingine ya habari hiyo. Ibn Battuta alipofika Damascus mwaka 1348, aliambiwa kwamba baba yake amekwisha kufariki tangu miaka 15 iliyopita. Aliporudi Morocco mwaka uliofuata, alikuta mama yake naye amefariki muda mfupi kabla ya kuwasili kwake. Aliuona ulimwengu, lakini wale waliomlilia wakati wa kuondoka hakuwaona tena. Katika zama hizi za simu, kijana anayekaa siku tatu bila kumpigia mama yake hana udhuru aliokuwa nao mtu wa mwaka 1331.

Sasa na tumfuate msafiri wetu. Kutoka Tarime hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Kutoka Dar es Salaam kwenda kusini ni takriban kilomita 300 nyingine: utavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, utafika njia panda ya Nangurukuru, na hapo utageukia pwani kwenda Kilwa Masoko. Katika masafa hayo msafiri anayo ruhusa ya kufupisha sala za rakaa nne na kuzikusanya, na asione haya kuitumia, kwa kuwa ruhusa hiyo ni zawadi ya Mola wake. Alale Kilwa Masoko, aswali Alfajiri katika msikiti wa hapo, kisha aende ofisi ya wahifadhi kuchukua kibali na kupata mtu wa kumwongoza. Asijaribu kupita bila mwongozaji. Mawe hayasemi yenyewe, na fedha inayobaki mikononi mwa mwenyeji wa kisiwa ni katika njia za kukitunza.

Mkono wa bahari unaotenganisha Masoko na kisiwa ni mfupi. Chombo hakijatulia vizuri ndipo jengo la kwanza linapoonekana, karibu kabisa na maji: ni ngome iitwayo Gereza. Wareno waliweka ngome yao hapo mwaka 1505, na hii inayoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Wengi hupiga picha hapo kisha wakaona wamekwisha kuiona Kilwa. Msafiri wetu asikawie sana. Ngome huonyesha nani alitawala, nasi tumekuja kutazama watu waliishije.

Aende Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo ndogo, ni ya zamani zaidi, umri wake ukiwa kiasi cha miaka 900. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyempokea Ibn Battuta. Jengo zima ni la mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa hapohapo pwani. Nguzo zimesimama kwa safu, na juu yake kuna matao na kuba. Mahali pengine paa limeanguka na mbingu zinaonekana. Mihrabu bado ipo, nayo imeelekea kaskazini. Mtu wa Mara hahitaji kuuliza kibla hapo, kwani nasi huku Tarime na Serengeti kibla chetu ni kaskazini. Atasimama mbele ya mihrabu iliyoelekezwa karne tisa zilizopita na ataona kwamba ndiko anakoelekea kila siku nyumbani kwake.

Si mbali na hapo upo msikiti mdogo wa kuba, wa karne ya 15, ambao katika majengo yote ya kisiwa ndio uliosalimika vizuri zaidi. Ipo Makutani, kasri lililozungukwa na ukuta mrefu. Ardhini kuna vipande vya vyombo vya kauri vilivyoletwa kutoka China. Asiokote hata kimoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, na hata bila sheria hiyo, kilichokaa mahali pake kinasema habari, ilhali kilichofichwa mfukoni hakisemi kitu. Vilevile asipande juu ya kuta kutafuta picha nzuri, wala asiwapige picha wenyeji bila idhini yao.

Adhuhuri ikiingia, aswali pamoja na watu wa kijiji. Hapa ndipo tunapomuomba awe makini kuliko alipokuwa mbele ya nguzo. Kilwa Kisiwani si magofu matupu. Ni kijiji cha wavuvi na wakulima, na ni Waislamu. Sultani ameondoka, Mreno ameondoka, Mwomani ameondoka, na wakoloni wa baadaye nao wameondoka. Adhana haijaondoka. Atakayeketi nao baada ya sala, akapewa maji ya kunywa na kuulizwa kwao ni wapi, atakuwa ameuona mji wa Kilwa.

Alasiri aende Husuni Kubwa, upande wa mashariki ya mji, juu ya genge linaloitazama bahari. Hili ndilo kasri alilolijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, viwanja vya ndani, na birika la kuogea lenye pembe nane. Mali ya kujengea haikuwa ndogo, kwani dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa Kilwa, na sarafu yenye jina la Sultani huyu imepatikana hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Pamoja na mali yote hiyo, kasri halikumalizika. Lilikaliwa muda mfupi likaachwa. Msikiti ulioanzishwa kabla yake ukaendelea kuswaliwa na vizazi na vizazi. Msafiri aketi kidogo hapo na alipime hilo moyoni mwake, kisha aiulize nafsi yake anajenga nini.

Lipo na jambo jingine la kupima, nalo hatutalificha kwa sababu ya mapenzi yetu kwa mji ule. Ibn Battuta anasimulia kwamba Sultani huyo alijulikana kwa ukarimu. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha akitoka katika Sala ya Ijumaa, akamuomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani akazivua na kumpa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa 10, na Sultani alipoona watu wanavyomsifu mwanawe, akaamuru fakiri aongezewe watumwa 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Habari hii husomwa kuwa ni habari ya ukarimu. Lakini ndani yake wamo binadamu 20 waliotolewa zawadi, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika, na mwandishi huyohuyo anaeleza jinsi Sultani alivyowashambulia majirani wa bara. Sisi ni watu wa bara. Tukisimama Husuni Kubwa tuna haki ya kujivunia ufundi wa Waislamu waliotutangulia, na tuna wajibu wa kuwakumbuka wale ambao jasho na uhuru wao uliingia katika utajiri ule. Mazingatio yanayoacha nusu ya habari hayatufundishi kitu.

Mwaka 1502 Vasco da Gama aliitoza Kilwa kodi kwa nguvu. Mwezi Julai mwaka 1505 majeshi ya Francisco de Almeida yaliuteka mji na kuupora. Kilwa haikurudia tena utukufu wake wa kwanza. Kuta zilianza kuanguka, mizizi ikaingia katika chokaa, na mawimbi yakala ukingo wa pwani, hata mwaka 2004 UNESCO ikauweka mji huo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Baada ya kazi kubwa ya matengenezo uliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014.

Sasa tuilinganishe na Granada, mji ambao ndio ulioamsha swali la vijana wetu. Mji huo ulisalimishwa kwa wafalme wa Kikristo tarehe 2 Januari 1492, kwa mkataba uliowaahidi Waislamu usalama wa dini yao na misikiti yao. Haikupita miaka kumi ahadi ikavunjwa: vitabu vya Kiarabu vikachomwa hadharani na watu wakalazimishwa kubatizwa. Kati ya mwaka 1609 na 1614 wajukuu wa wale waliobatizwa kwa nguvu walifukuzwa kutoka Hispania kwa malaki. Cordoba ilikuwa imekwisha kutekwa tangu mwaka 1236, na katikati ya msikiti wake, ulioanza kujengwa na Abd al-Rahman wa Kwanza katika karne ya 8, kukajengwa kanisa kubwa katika karne ya 16.

Majengo yale yametunzwa. Msafiri wa siku moja Granada atakuta kuta zimesimama, maji yanatiririka, bustani zimekatwa vizuri, na watu zaidi ya milioni 2 huingia Alhambra kila mwaka kwa tiketi zenye saa maalumu. Juu ya kuta hizo atasoma, mara nyingi zisizohesabika, maneno ya Kiarabu yasemayo kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Wengi wa wanaoyapiga picha hawajui yanasema nini. Mji ule ulikaa takriban miaka 500 bila msikiti wa kuadhiniwa, mpaka mwaka 2003 ulipofunguliwa msikiti mpya katika mtaa wa Albaicín, ng'ambo ya bonde linaloitazama Alhambra.

Huko Granada jiwe lilibaki na mwenye kuswali akaondolewa. Huku Kilwa jiwe lilianguka na mwenye kuswali akabaki. Hatusemi kuwa majengo hayana thamani. Tungependa vyote viwili vibaki. Lakini mzazi akiulizwa achague kipi kimbakie kati ya hivyo, hatudhani kwamba atafikiri kwa muda mrefu. Na jambo hili linatuhusu sisi wa Tarime na Serengeti kuliko linavyowahusu wengi, kwa kuwa hatuna kasri la kuonyesha wala msikiti wa karne ya 14. Sisi ni wachache, misikiti yetu mingi ni ya tofali na bati, na mgeni anayepita kwenda mbugani hawezi kusimamisha gari kuitazama. Dini yetu hapa imekaa ndani ya watu: imamu, mwalimu wa madrasa, bibi anayewafundisha wajukuu Alfatiha jikoni. Watu hao wakiondoka bila kurithiwa, hapatakuwa na gofu la kumwambia msafiri wa karne zijazo kwamba tuliwahi kuwapo.

Kwa hiyo tunamuomba msafiri wetu anayerudi kutoka Kilwa afanye kazi moja zaidi. Achukue daftari alilokuwa akiandikia kule, afungue ukurasa mpya, na aende kwa wazee wa msikiti wake hapa nyumbani. Awaulize: ni nani aliyetoa kiwanja hiki, na hati yake iko kwa nani? Nani aliyeswalisha mara ya kwanza, na wakati huo watu walikusanyika wapi? Madrasa ilianza chini ya mti gani, au katika ukumbi wa nani? Nani aliyechimba kisima? Nani wamezikwa hapa, na watoto wao wako wapi? Majibu ayaandike kwa tarehe na majina, amsomee mzee aliyemsimulia ili asahihishe, na nakala moja iwekwe msikitini. Swali la hati ya kiwanja lisichelewe. Wakfu usioandikwa hutegemea uhai wa mashahidi wake, na mashahidi wetu wamekwisha kuwa wazee.

Na familia isiyo na nauli ya Kilwa isikate tamaa ya kutazama. Ng'ambo ya mpaka wetu wa Sirari, katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, ipo Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Hayakujengwa na Waislamu, lakini agizo la kutembea na kutazama halikuwekewa mpaka wa kabila. Baba anaweza kuwapeleka wanawe, wakiwa na hati halali za kuvukia mpaka, na kuwauliza wakiwa ndani ya kuta zile: waliojenga hapa walikuwa wakiogopa nini, na walikuwa wakilinda nini?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, awarejeshe salama kwa wazazi wao wakingali hai, awarehemu walioijenga Kilwa na waliodhulumiwa ndani yake, na asiiache misikiti yetu ikakosa wa kuswali. Amin.